Aliyemzaa Mama Hodi bado hajaonekana kwenye runinga

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja ameketi kwenye kochi la sebule isiyo na dari, taa kubwa zikimpiga usoni. Hatakiwi kucheka, hatakiwi kujikuna, na akitaka kupiga chafya anaambiwa asubiri kidogo.

"Inua kidevu, dada," anasema fundi taa kutoka juu ya ngazi.

"Kidevu cha nani? Changu au cha mwenyewe?"

"Cha mwenyewe. Chako hakina shida."

Hapa studio wanamwita Spea, kama lile tairi linalokaa nyuma ya gari. Kazi yake ni kukaa mahali pa mwigizaji wakati taa na kamera zinapangwa, na kusoma maneno ya mwigizaji huyo kwenye mazoezi ili wenzake wapate mtu wa kujibizana naye. Mambo yakishakaa sawa, mwongozaji anapaza sauti: "Tunarekodi!" Spea anainuka na kutoka, mwigizaji anaingia na kukaa palepale, kochi likiwa bado na joto la mwenzake.

Ameifanya kazi hii miaka tisa, katika kipindi cha vichekesho ambacho wengi wetu hukaa kukitazama kila Ijumaa. Yeye hatujamwona.

"Nimekuwa askari, nimekuwa hakimu, bibi harusi, daktari," anasema. "Hata kufa nimekufa, tena sana, maana maiti nayo lazima iwekewe taa. Nikishazoea kulala pale, anakuja mwenye maiti yake naambiwa nipishe."

Analipwa kwa siku, na siku isiyo na mazoezi haina malipo. Mwezi ukiwa mzuri, anafikia theluthi ya anachopata mwigizaji wa chini kabisa. Pengo linazibwa na mume wake, fundi friji, ambaye naye kazi zake ni za msimu wa joto. Lakini si hela inayompandisha Spea mori.

"Hela ndogo nimeizoea," anasema. "Ninachoshindwa kuzoea ni kuambiwa 'safari hii ni wewe.'"

Maneno hayo ni ya mtayarishaji wa kipindi, bwana mchangamfu anayetembea haraka hata pale asipokuwa na pa kwenda. Si mtu mbaya, na hapo ndipo pa kuudhi. Akitoa ahadi, anaitoa kwa moyo wake wote. Tatizo ni kwamba moyo huo, kufikia jioni, unakuwa umeshahamia kwenye mpango mwingine.

Anayetaka kuona mipango hiyo aende stoo. Kuna nusu ya ndege ya mbao, iliyoundwa kwa ajili ya vichekesho vya wahudumu wa angani kabla ya mtu yeyote kupima mlango wa studio. Haikupita. Sasa wafagiaji wanaweka humo mifagio na ndoo. Kuna kichwa cha ngamia kilichoagizwa kwa mbwembwe, kikavaliwa siku moja na mtu aliyezimia kwa joto. Kuna vitanda sita vya hospitali ambayo haikufunguliwa. Na kwenye msumari, ndani ya mfuko wa nailoni, kuna gauni la maua makubwa la Mama Hodi. Limebanwa, limeachiwa, limefupishwa na kurefushwa mpaka fundi cherehani ameapa hatalishika tena.

Mama Hodi ndiye kiini cha habari hii.

Msimu uliopita, mtunzi wa kipindi aliandika kipande kifupi cha jirani anayekuja kuazima sufuria. Kwenye karatasi, jirani anabisha hodi, anakaribishwa, anaketi, anaomba sufuria. Mtunzi mwenyewe anakubali kwamba hapo hakukuwa na cha kumchekesha mtu. Siku ya mazoezi, fundi taa alitaka kupima mwanga wa kwenye kochi, akamwomba Spea akae kwanza. Spea akakaa. Mwongozaji, ambaye hakuwa na habari hiyo, akaamuru waanze. Spea akatazama karatasi yake. Neno lake la kwanza lilikuwa "Hodi."

Basi akabisha. Ameshakunja miguu, ameshakumbatia mto wa watu, akaita kwa sauti ya mtu aliyesimama nje kwenye jua: "Hodi wenyewe! Mpo?"

Mwigizaji aliyekuwa mwenye nyumba alibaki mdomo wazi. Fundi taa alicheka hadi ikabidi ashuke kwenye ngazi asije akavunja shingo. Walinzi waliacha lango wakaja kuchungulia. Mtayarishaji naye akatoka mbio ofisini kwake.

"Rudia," akasema.

Spea akarudia, safari hii akiwa ameshajimiminia chai ya wenyeji na kuilalamikia kwamba haina sukari, ndipo akabisha. Hapo akazaliwa Mama Hodi, jirani anayeingia kwanza na kubisha hodi baadaye. Mtayarishaji akamshika Spea mabega mbele ya watu wote.

"Huyu ni wako," akamwambia. "Safari hii ni wewe."

Jioni hiyo Spea alifika nyumbani akamwambia mama mkwe wake. Mama mkwe akawaambia majirani wote.

Siku tatu baadaye mtayarishaji alipigiwa simu. Mwigizaji mmoja anayeng'ara kwenye matangazo ya sabuni alikuwa hana kazi wiki ile. Akaletwa, akavalishwa gauni la maua, akaelezwa kichekesho chenyewe, akakataa.

"Alisema yeye amelelewa," anasimulia fundi taa. "Hawezi kukaa kwa watu kabla hajakaribishwa, wazazi wake watamwona. Basi akabisha hodi kama mtu, akakaribishwa, akakaa, akaazima sufuria. Ukumbi ulikuwa kimya, nikasikia taa zangu zinavyonguruma."

Kipande kikakatwa chote. Mkutanoni mtayarishaji akatangaza kwamba Mama Hodi hachekeshi.

Spea aliyajua hayo tangu Jumamosi ya kurekodi. Hakuwa na uso wa kumwambia mama mkwe. Ijumaa ilipofika, sebule yao ilijaa majirani, na yeye akajichimbia jikoni akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mama mkwe huyo ni mjane mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Alimpokea mwandishi wa makala haya kwa kumuuliza kama na yeye amekuja kuahidi kitu.

"Niliongeza viti, mwanangu. Nikaazima vingine. Tukatazama mpaka majina yanapita, mkwe wangu hayumo. Jirani mmoja akanifariji, akasema labda kesho. Kipindi ni cha Ijumaa, kesho ipi?" Anatikisa kichwa. "Siku hizi wanasemezana kwamba anapiga deki huko. Kupiga deki si aibu. Lakini kama hapigi deki, kwa nini wamsingizie?"

Mara ya pili, lazima isemwe, kosa halikuwa la mtayarishaji.

Mtunzi hakumtupa Mama Hodi, na kwenye mazoezi alikuwa bado anawavunja watu mbavu kila Spea alipomsoma, na mafundi wakasema wazi kwamba wamechoka kucheka bure. Mtayarishaji akakubali. Safari hii alikuwa ni yeye kweli: gauni likapunguzwa limkae, akapakwa poda, akawekwa kwenye kochi huku ukumbi umejaa watazamaji. Mwongozaji akapaza sauti: "Tunarekodi!"

Spea akainuka na kutoka.

Kwa miaka tisa neno hilo lilimaanisha jambo moja tu, mpishe mwenyewe. Alipita mbele ya kamera zote mbili, akatoka kwenye mwanga, na alipofika kwenye nyaya huko gizani ndipo akakumbuka kwamba mwenyewe ni yeye. Watazamaji waliangua kicheko wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mtayarishaji hakucheka. Muda wa ukumbi ulikuwa unakwisha, wakapita kwenye kipande kingine.

"Nilijichukia siku ile," anasema Spea, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatanii. "Nilitaka niipige miguu yangu mateke. Sasa ningeipiga kwa miguu ipi?"

Kilichorushwa hewani msimu mzima ni mkono wake tu. Kuna kipande ambacho sufuria inarudishwa kupitia dirishani, na mwigizaji mhusika alikuwa ameshaondoka, wakamwomba Spea aipitishe.

"Nikaujua ule mkono, bangili nilimpa mimi," anasema mama mkwe. "Nikawaambia, yule pale. Jirani akaniuliza, 'Mkono tu?' Nikamjibu, 'Ameanza na mkono.'"

Mtu angetegemea kwamba msimu huu mpya wangekuwa wamejifunza. Badala yake, akaja mwimbaji.

Ni mwimbaji mwenye wafuasi wengi, na watu wake walikuja na masharti. Mama Hodi awe msichana. Awe anaimba. Awe na gari. Mtunzi aliandika upya mara nne, mpaka jirani wa kuazima sufuria akawa na dereva, na hakuna aliyethubutu kuuliza mwenye dereva anakosaje sufuria. Spea alisoma maneno hayo yote kwenye mazoezi, wimbo ukiwemo. Kisha, wiki hii ya kurekodi, mwimbaji akatuma ujumbe kwamba amepata ziara na hatakuja.

Mwandishi wa makala haya alikuwemo kwenye mkutano uliofuata, amebanwa nyuma kati ya kabati na feni mbovu. Mtayarishaji aliingia akiwa na furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi.

"Mama Hodi haonekani," alisema. "Tunamsikia tu. Yuko nyuma ya mlango, anabisha hodi, wenye nyumba wanajifanya hawapo. Kila wiki. Watazamaji watakuwa na hamu ya kumwona, na mwimbaji akirudi ndipo tunafungua mlango."

"Sauti ya nani?" aliuliza fundi taa.

Watu wote wakamgeukia Spea.

"Safari hii ni wewe," akasema mtayarishaji, na uso wake ulionyesha kwamba anaamini ametoa zawadi.

Mwandishi hakualikwa kusema, lakini uvumilivu una kiasi chake. Aliuliza: kama mchezo mzima wa Mama Hodi ni kwamba anaingia kabla ya kubisha, akibaki nje anabisha kama watu wote, kichekesho kiko wapi?

"Kicheko tutakiongeza wakati wa kuhariri," alijibu mtayarishaji.

Baadaye, kwenye korido, aliulizwa swali la wazi zaidi: kwa nini asimpe Spea nafasi nyingine akiwa na sura yake yote? Mtayarishaji alisema kila mtu hapa anampenda Spea. Alipoulizwa tena, alitazama simu yake, akasema, "Tunamtunza." Akaondoka kwa haraka kuelekea upande ambao, kwa kadiri tulivyoweza kuona, hauna ofisi.

Spea alipokea habari ya mlango kwa utulivu uliowashangaza wenzake. Alisema ndiyo, akashukuru, akaenda kula. Mwandishi alimkuta ameketi kwenye kitanda kimojawapo cha ile hospitali, akila wali kwenye kopo.

"Unakubalije jambo la namna hii?" aliulizwa.

"Nimekubali kubisha hodi. Wao hawakuniuliza nitabishia wapi."

Akafunika kopo lake. Jumamosi, alieleza, atasimama nyuma ya mlango ule kama alivyoagizwa. Mwongozaji atapaza sauti. Wenye nyumba watakuwa mezani, wakisubiri kusikia sauti kutoka nje. "Na mimi nitaingia. Nitapita katikati yao, nitakaa kwenye kochi, nitajimiminia chai. Wakimaliza kutoa macho, ndiyo nitabisha."

"Wakikufukuza?"

"Nisikudanganye, naogopa. Kazi nyingine siijui, na binti yangu yuko sekondari." Anacheka kidogo. "Mume wangu anasema nikifukuzwa nikamshikie tochi akitengeneza friji. Nikamwambia hata huko nitakuwa nimeshika taa ya mtu mwingine."

Mwandishi alimuuliza kama kweli anataka mpango huu uchapwe. Gazeti linatoka Ijumaa, siku moja kabla ya kurekodi, na mtayarishaji anaweza kulisoma.

"Andika. Yule hasomi gazeti, husubiri asimuliwe. Na watakaomsimulia ni mafundi, nao tumeshaongea."

Lilibaki swali moja, linalomhusu mhariri wa picha. Wakishakasirika wanaweza kumkata asionekane hata kidogo, sebule ya mama mkwe ikajaa tena, na majina yakapita tena bila yeye.

Spea alisimama akakung'uta gauni. Korido nzima ilikuwa inamwita, maana kuna hakimu wa kuwekewa taa.

"Wakate," alisema. "Mama mkwe hasubiri Ijumaa safari hii. Nimemwombea kiti ukumbini, mstari wa mbele kabisa, na majirani zake wote kulia na kushoto. Niambie watamkataje yule."