Stendi Iliyohama

Hapa Doha nimeutetea mji wetu mpaka watu wamenichoka. Wenzangu wa chumbani, mtaani Abu Hamour, wanajisifia Nairobi na Kampala. Mimi nawajibu kwa kamji ketu ka mbugani, Tanzania. Treni ilikuwa inasimama pale kunywa maji, ndivyo mji ulivyozaliwa. Tangi lake la maji likaleta duka, duka likaleta mnada wa ng'ombe, mnada ukaleta stendi ya mabasi, na stendi ikamleta mama yangu na sufuria lake la uji.

Kila Ijumaa nikimpigia husema yuko stendi, nami nasikia upepo tu. Kelele za makondakta sizisikii. Nilidhani ni mtandao.

Juzi hotelini kwetu, The Pearl, aliletwa binti mpya wa kutandika vitanda. Tukinywa chai akautaja mnada wetu. Nilimkumbatia nusura nimwunguze.

"Stendi wanaendeleaje?" nikamuuliza.

"Ipi, dada? Ya zamani au ya barabarani?"

"Kwani ziko mbili?"

"Iko moja. Lami mpya imepita mbali, stendi ikahamia huko, na watu wakaifuata. Wameng'oa mabati, milango, mpaka fremu za madirisha. Mjini limebaki tangi na bibi mmoja wa uji." Akacheka. "Wanasema kachanganyikiwa. Anapika kasufuria kadogo, anakunywa mwenyewe."

Nilimtazama akicheka na nikatamani kumzaba kibao, maskini, naye hakuwa na kosa lolote. Mji mzima umeondoka na mimi huku najigamba nao!

Nikatoka nje, juani, nikapiga simu.

"Mama, uko wapi?"

"Stendi, mwanangu."

"Stendi gani, mama?"

Upepo ukavuma. Kumbe ulikuwa upepo kweli.

"Hiihii. Wadogo zako wamenisumbua nihame. Sasa nikihama, utanikuta wapi? Siku ile dirishani mwa basi si ulisema, 'Mama, nikirudi nashukia hapahapa'?"

Nilisema, ndiyo. Nani asiyesema hivyo basi likiondoka? Nilitaka kumwambia mabasi hayafiki tena hapo. Lakini anajua. Mbuga yetu ni tambarare. Kutwa nzima anayaona yakipita kule mbali.