Kioo Nilichokifuta

Harufu ya risasi ya kulehemu ikinipiga puani, hata niwe nimesinzia, naamka. Mjukuu wangu Zainabu anafufua mashine za michezo za zamani hapa nyumbani kwetu Old Kampala, yale makabati makubwa ya kutia sarafu, na moshi wake unanifuata mpaka kwenye mkeka. Watu wanatoka mbali kumtafuta. Mikono ile kaitoa kwangu, msidanganywe.

Harufu hiyo mimi naijua tangu utoto, kule mtaani Nateete. Baba yangu alikuwa na chumba cha mashine za mpira wa chuma: unavuta kishikio, kampira kanaruka chini ya kioo, kanagonga huku na huku, taa zinawaka, kengele zinalia kama zimepagawa. Waliozileta mashine hizo walikuwa wameshaondoka nchini, na spea hazikuja tena. Baba akabuni. Mpira wa chuma aliutoa kwenye beringi ya lori, springi kwenye godoro bovu, raba akazikata kwenye tyubu ya baiskeli. Koili tu, ule msokoto wa waya unaorusha mpira, ndiyo ilimshinda. Koili ikiungua, lazima uchinje mashine nyingine uitoe yake. Mafundi wanasema hivyo mpaka leo: kuchinja.

Siku moja akaleta mashine iliyokufa, imechorwa farasi mwekundu, akaniambia mbele ya watu, "Rehema, hii yako. Ifute kila siku. Idi ikifika, itawaka."

Mama yangu alikuwa amefariki. Nililala jikoni kwa mama wa kambo, na sikuwa na kitu cha kuita changu, hata kijiko. Basi nikawa na farasi. Nilifuta kioo kwa majivu na gazeti mpaka nikayaona meno yangu mle. Nikawatangazia wasichana wote wa mtaani: Idi njooni, mtacheza kwangu. Jioni nikimsikia Baba nyuma ya kabati na bisibisi yake, moyo unanijaa. Anatengeneza, nilisema.

Idi ikafika. Wasichana wakaja na nguo mpya, mafuta ya nazi yanawatiririka shingoni. Chumba kilijaa wanaume wanaocheza. Nikavuta kishikio. Kimya. Nikavuta tena kwa nguvu, kikang'oka, kikabaki mkononi mwangu.

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. "Mvute mkia, labda amelala!"

"Mpe majani, farasi ana njaa!" mama wa kambo akapokea kutoka mlangoni.

Binti yake Hadija akalia kama farasi, na wale wageni wangu wakamwitikia. Baba akafungua kabati kwa nyuma, akanishika shingo, akanisukuma kichwa ndani. Tupu. Tumbo la mbuzi aliyekwisha kuchunwa: nyaya zinaning'inia, hakuna koili hata moja. Kila mashine iliyolia mle chumbani ililia kwa matumbo ya farasi wangu.

"Sasa nilikuwa nafuta nini?" nikauliza.

"Mashine chafu, watu wanajua imekufa," alisema, anajipangusa machozi ya kicheko. "Ikiwa safi wanaisubiri, na wakisubiri wanacheza hizi nyingine. Wewe mwenyewe si ulisubiri?"

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mama wa kambo akanitupia yunifomu yangu. "Ifue, uipige pasi vizuri, usiniaibishe." Nikaifua, nikashona kifungo, nikapiga pasi ya mkaa mpaka marinda yakasimama kama kisu. Asubuhi akaivaa Hadija.

"Hadija ana kichwa," Baba akasema, macho hakuyatoa kwenye chai. "Wewe una mikono."

Ndivyo shule yangu ilivyokwisha. Sikulia. Niliosha vikombe vyao.

Kisa cha farasi Baba alikisimulia hata kwenye harusi yangu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje? Miaka mingi nilimchukia kwa kuchinja. Nilikuwa nimeshakuwa bibi ndipo nikaelewa kuwa kuchinja siko kulikonichoma. Kuchinja ni kazi: hiki kinakufa ili kile kitembee, na nyumba ile haikuwa na cha kututosha wote. Kilichonichoma ni kile kitambaa. Ni ile pasi. Wangenitoa matumbo bila kunipa kitambaa nifute, labda ningewasamehe.

Juzi Zainabu kaleta mashine mbili, moja ya mteja, nyingine kuukuu lakini rangi yake bado hai. Nikamwona kachukua kitambaa, anaipangusa hiyo ya pili kioo, taratibu, kama anaosha mtoto.

"Utaifufua?" nikamuuliza.

"Hapana, Haboba." Sisi Wanubi bibi tunamwita hivyo. "Koili zake zinaingia kwenye ile ya mteja. Hii ya kuchinja."

"Basi weka kitambaa chini," nikamwambia. "Chinja."