Majani ya Mupaka Mu Salle

Hapana, usiniambie ni hangar tu. Weye ulipita pale mara moja juu ya pikipiki, ukaona mabati ya kutu, ukaongea. Miye nilikomalia mule ndani. Acha nikuambie, kiisha useme tena.

Mwanzo ilikuwa depo ya kahawa. Muzee moja wa biashara wa hapa Butembo njo aliijenga, na batu ya Mangina na Mabalako balikuwa banamuletea magunia. Kahawa ilipoanguka bei, muzee akamwanga beton chini, akaweka taa na mabenchi, ikakuwa salle, ukumbi ya kila kitu. Banafunzi bafanye examen mule, karate mangaribi, ndoa Jumamosi, siku ya posho, maombi siku ya Mungu. Hata kilio, kama nyumba ya marehemu ni kidogo. Kocha yetu wa basket akapaka mistari ye mwenyewe: nyeupe ya basket, manjano ya volley. Lakini harufu ya kahawa haikutoka. Ukitosha jasho mingi, unaisikia inapanda toka chini.

Kiisha vita ikatuletea batu. Balifika na magodoro ku kichwa, balitoka pande za Beni, na salle ikafunguliwa. Basket ikasimama. Ni batu ya shamba, basi balipoona mistari ya rangi, balijua ni mipaka. Kila jamaa ikalala ndani ya mistari yake, na hakuna mwenye alivuka.

Chini ya ring ya basket alikaa mama moja wa Mangina. Bwana yake alibaki nyuma juu ya kubeba baba yake mwenye hawezi kutembea. Alimuambia: enda Butembo, kaa pale mizani ya kahawa ilikuwaka, usitoke mpaka nifike. Na mizani ilikuwaka pale pale, chini ya ring. Bwana yule alikuwa analeta kahawa yake pale toka ujana.

Mama akakata mabidon ya mafuta, akatia udongo, akapanda ile majani yenye tunapandaka ku kona ya shamba kuonyesha mupaka, akaweka bidon ku kila kona ya mistari yake. Jamaa zingine zikafanya vile vile. Kocha akamuchokoza: mama, siku mupira itaanguka mu shamba yako, utatushitaki kwa chef wa kijiji?

"Ikianguka, itaota," akasema mama. Siku ile tulicheka sana mule ndani.

Bon. Mutoto wa muzee wa biashara, yeye njo anachunga salle sasa, akakubali ndoa moja kubwa. Alikuja ye mwenyewe, akaongea na heshima, akaomba batu balale ku madarasa ya masomo kidogo, ndoa ikiisha barudi. Bote bakakubali, bakabeba na mabidon yao. Mama akakatala. Ule kijana akaambia babeba mizigo batoshe inje zile bidon. Batu banabebaka simenti kila siku! Balitazama majani, bakatia mikono mu mifuko. Kwetu hapa ndugu banaachana juu ya mupaka ya upana wa mukono. Nani atang'oa ya mwingine? Kijana akasema ni mabidon ya mafuta tu. Pale nilimupigia makelele mpaka sauti ikakauka.

Kocha njo alipiga magoti mbele ya mama. Akamuambia atazibeba na udongo yake, na atazirudisha mahali pale pale.

"Na bwana yangu akifika, ataona nini?"

"Ataniona miye. Nitasimama hapa."

Na alisimama. Ndoa yote, amevaa maillot yake ya mazoezi, chini ya ring, batu banacheza pembeni yake. Bamoja balizania ni sentinelle wa mulango, bakamutuma viti. Alileta viti, akarudi kusimama.

Bwana hakufika. Kesho yake kocha akarudisha mabidon, akaenda ku masomo kuita mama. Bakamuambia amechukua barabara ya Mangina asubuhi. Alisema kama hapa bamemutosha mu mupaka yake, heri aende kumutafuta bwana yake.

Bwana yake alifika kiisha, na miguu, bila baba yake. Aliingia na mulango yenye banaingizaka kahawa zamani, akaona majani, akajua ni mukono ya nani. Akakaa katikati yake. Tulitafuta mama kila pahali. Mwenye alimuona wa mwisho ni mwenye chukudu moja, ile baiskeli ya mbao, mbele ya Mangina. Hakuna mwingine.

Jamaa zingine zimetoka, sasa tumerudilia basket. Tunacheza ku ring ingine tu. Ule bwana anamwangia majani maji, anatutazama. Na juzi ule kijana wa salle amemutumia habari: ndoa zimeanza tena, atoke.

Kocha amesema hatapigia mutu magoti tena. Babeba mizigo bamekatala kuingia. Basi weye unasema ni hangar tu: utakuja kung'oa ile majani weye?