Mashine Isiyoniuliza Jina

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote: jua la mchana juu ya mabati ya soko la Kamwokya, na mimi nimesimama mbele ya meza ya Onyango, muuza mashine za mitumba, kijana mwenye haya ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona. Juu ya meza kuna laptopu mbili. Leo umeniuliza ununue ipi kati ya hizo mbili zako. Keti basi nikwambie niliyoinunua mimi.

Shule yangu iliishia la saba. Kusoma nilijua, ila kuandika niliandika polepole, herufi mojamoja, kama mtu anayevuka tope. Wakati ule bibi yangu, tuliyemwita Haboba kama Wanubi wenzetu wanavyowaita bibi zao, alikuwa mgonjwa nyumbani kwetu Bukoto. Kichwani mwake mlikuwa na majina saba ya wazee wetu, tangu yule askari aliyekuja kwa miguu kutoka Sudan, na mahali alipozikwa kila mmoja. Hayakuandikwa popote. Nilipojaribu kuyaandika, mimi nilikuwa kwenye la pili naye amefika la tano, amechoka, amelala. Ndipo mama akatoa akiba yake. "Nenda ukanunue mashine," akasema. "Ishike sauti yake kwanza, halafu ikufae kuchapia watu barua."

Laptopu ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, imekwaruzwa, na mfumo wake ni uleule uliokuwa kwenye kila duka la kuchapa barua. Onyango alipoiwasha, jambo la kwanza iliniuliza jina langu. Nyuma yangu watu walikuwa wanangoja. Nikatafuta R kwa kidole, sikuiona.

"Anaitwa nani huyu?" mmoja akauliza.

"Ramadhani," Onyango akajibu.

"Banange, jamani! Mwezi mzima wa Ramadhani utaisha, jina bado!"

Wakacheka. Masikio yakaniwaka moto.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani, na mfumo wake mwingine kabisa. Niliwahi kuuona kwa vijana wa studio za muziki tu. Hiyo haikuniuliza kitu. Onyango aliandika neno la siri alilokuwa nalo kwenye karatasi, ikafunguka. Juu ya kioo palikuwa na jina: Elin.

"Elin ni nani?" nilinong'ona.

"Hiyo ni jina ya kampuni, bana. Wewe tumia tu. Hii haisumbui mtu na maswali."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliichukua, mwanangu, na wala si kwa uzuri wake. Niliichukua kwa sababu haikuniuliza mimi ni nani.

Haboba aliipapasa kwa kiganja. "Imekuuliza jina?"

"Hapana, Haboba."

"Ukiingia nyumba usiulizwe jina, jua mwenyewe yumo ndani, anakusikiliza."

Nikacheka. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Kwa siku tatu alisema, mashine ikashika. Kila siku, saa kumi alasiri, ililia kengele ndogo na maneno yakatokea kwa Kiingereza: Mpigie mama. Niliyafuta, kesho yake yakarudi. Kengele ikilia Haboba husubiri iishe, kisha husema, "Mjibu basi," na kuendelea na makaburi yake. Siku ya tatu alimaliza. "Wote wamo?" akauliza. Nikamwambia wamo. Ijumaa tukamzika.

Wiki moja baadaye niliipeleka mashine Ntinda, kwenye duka lenye intaneti, ili niwatumie wajomba ile sauti. Haikuwahi kuunganishwa na mtandao tangu niinunue. Iliposhika tu, kioo kikawa cheupe na vitufe vikafa. Maneno yakaja taratibu: Hii ni mashine ya binti yangu Elin, aliyefariki. Sauti yake imo ndani. Wewe uliye nayo, tafadhali nipigie. Sina hasira. Kisha namba ya simu ya nchi ya mbali, na nafasi tupu za kujazia tarakimu za kufungulia.

Niligeuka, maana nilihisi mtu amesimama begani kwangu. Hapakuwa na mtu.

Ningepiga siku ile! Lakini niliogopa kuitwa mwizi, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Niliifunga mashine kwa kanga ya Haboba, nikaisukuma chini ya kitanda chake. Ilikuwa imezimwa, mwanangu, haina chaji. Na bado saa kumi ikifika niliisikia kengele. Mama akichambua mchele uani, mkono wake ulisimama. Alinitazama tu, kisha akaendelea kuchambua.

Mwezi ukapita hivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ikabaki siku moja tufikie arubaini ya Haboba, na mama akasema, "Watu watataka kumsikia. Mpigie huyo mama."

Nilipiga. Akapokea mzee mwanamume. Nilijieleza kwa vipande, naye akanisubiri. Akasema mkewe alikaa karibu na simu kila siku tangu ayaandike yale maneno. Walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia. Tarakimu za kufungulia alizijua marehemu mkewe peke yake.

Kisha akauliza polepole, "Ilikuwa bado inakumbusha?"

"Ndiyo. Kila siku, saa kumi."

"Elin alikuwa akimpigia mama yake saa kumi," akasema, kisha akanitajia anwani yake.

Siku ya arubaini niliinuka mbele ya watu kuyataja majina saba. Nilifika la nne. Mama aliinamisha uso. Mashine nilimpelekea yule mzee, kwa kuwa ilikuwa yake. Haboba yuko huko, nchi nisiyoijua, amefungiwa chumba kimoja na binti wa watu, na hakuna anayeweza kuwafungulia.

Basi, mwanangu, mimi sitakwambia nyeusi ni bora au ya fedha. Chukua ile itakayokuuliza wewe ni nani, na ujibu, hata kwa kidole kimoja, hata wakikucheka nyuma yako. Aibu ya kuuliza na kuulizwa haiui. Ukikuta jina la mwingine ndani, rudisha kabla hujaweka humo kitu unachokipenda. Maneno ya wazee yashike kwa mashine, kisha yaandike kwa mkono wako, polepole kama ni lazima. Na ukiitwa na mtu anayelia, itika siku hiyohiyo.

Mungu akupe mlango utakaofunguka kwa jina lako, na sauti za wakupendao zikukute ungali unaweza kuzijibu. Sasa nenda. Ila tazama saa kwanza, na kama ni saa kumi, mpigie mama yako.