Mbwa Aliyeitwa Siwaombi

Nyamizi alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu ukitoka kisimani. Mume wake alipofariki, shemeji yake Mwandu alikuja kutoka Migato, akaswaga ng'ombe wote akaenda nao. Nyamizi alitafuta mbwa mdogo wa rangi ya majivu, akampa jina Siwaombi.

Huku kwetu mbwa anapewa jina la maneno ambayo mwenyewe hawezi kumwambia mtu usoni. Unamwita mbwa, mlengwa anasikia. Kila Mwandu akipita kwenda mnadani, Nyamizi alitoka nje akaita, "Siwaombi, njoo ule." Mbwa alikuwa ameshakula zamani.

Na kweli hakuwaomba. Miaka sita alilima pamba peke yake. Mbegu na dawa alikopa kwenye chama cha ushirika, na pamba aliipeleka hapohapo. Siwaombi alilala mlangoni, hakuna kuku aliyeibwa.

Ndipo wakaja wanunuzi binafsi na malori yao. Mwanzoni watu walifurahi. Lakini chama kikaacha kukopesha dawa, ghala likafungwa, na wale wa malori walitaka pamba tu, mambo ya dawa hayakuwahusu. Mwaka wa pili funza walimaliza pamba ya Nyamizi. Mahindi nayo yakakaushwa na jua. Mwezi wa saba nilimwona anachemsha mlenda bila ugali, nusu akammiminia mbwa.

Mwandu akaja, akakaa kwenye kigoda, akasalimia.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila."

"Njoo Migato. Chakula kipo, na nyumba ya marehemu mama haina mtu." Akamtazama mbwa. "Huyo abaki."

"Nitambadilisha jina."

"Mbadilishe. Mimi nitaendelea kusikia lilelile."

Nyamizi alijaribu hata hivyo. Wiki nzima tulimsikia akiita Simba, Simba. Mbwa alikaa tu, anageuka kuangalia nyuma kama kuna mwenzake anayeitwa. Mwisho Nyamizi alishusha sauti, akataja lile la zamani, na mbwa akaja mbio.

Akaanza kumpeleka kwa watu, atafute wa kumchukua. Kasmiri wa ng'ambo ya mto alicheka. "Mayu, mama yangu, mimi plau naazima, maksai naazima. Nikisimama hapa nikaita hilo jina, mvua ikinyesha nani atanilimia?"

Akaja kwetu. Mama alimkaribisha, akamkatalia taratibu. "Jumapili wanakuja watu kumwangalia huyu binti. Sisi tunataka ng'ombe kwao, halafu wakute tunaita Siwaombi?"

Binti huyo ni mimi. Yule mbwa nilikuwa nampenda. Nilikuwa napepeta mahindi, nikaendelea kupepeta.

Wiki hiyohiyo mbwa mwenye kichaa akamuuma mtoto kitongoji cha pili. Bwana mifugo akatangaza: mbwa asiye na cheti cha chanjo aletwe ofisi ya kijiji Alhamisi, apigwe risasi. Zamani chanjo ilikuwa bure. Siku hizi inalipiwa.

Alhamisi nilipita na ndoo nikamkuta Nyamizi kwenye foleni, mbwa amefungwa kamba ya katani. Milio ya risasi ilitoka nyuma ya lile ghala la pamba. Karani alikuwa kijana mmoja, Januarius, mwenye daftari.

"Jina la mwenye mbwa?"

"Nyamizi."

"Jina la mbwa?"

Akaizungusha kamba mkononi.

"Mayu, watu wanasubiri."

"Andika mbwa tu."

"Kila mmoja nimemwandika na jina lake."

Mtu wa nyuma akasema, "Si ulikuwa unamwita mchana kutwa? Mwite tena tusikie." Wawili watatu wakacheka, halafu wakaacha.

Nyamizi akasema polepole, "Siwaombi."

Mbwa akainua masikio. Alidhani anaitwa. Mkia ukapiga vumbi, akasogea, akaulamba ule mkono ulioshika kamba. Nyamizi alimwacha amalize, ndipo akampa Januarius kamba, akaondoka. Alikuwa hajafika barabarani uliposikika mlio.

Kesho yake asubuhi alipita kwetu na furushi kichwani, njia ya Migato.

"Mwangaluka," mama alimsalimia.

Aliitikia, akasimama mlangoni. Hakuangalia ndani.

"Naomba maji," alisema.

Nikamletea kikombe. Alikunywa yote, akanirudishia, akaenda.