Mvinyo Ulikuwa na Makopo, Bia Ilimtaka Rehema

Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1971, asubuhi, Lourenço anakata jibini jikoni kwenye klabu ya wakubwa wa Kireno, hapa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Zeituni zimeshatolewa koponi. Soseji kavu kutoka Ureno amezipanga sahanini na kuzifunika kitambaa. Leo ni matembezi ya mvinyo, na kwake siku ya mvinyo ni siku ya kupumua.

Mlango unasukumwa. Shefe, mkuu wa klabu, anachungulia, hata "bom dia" hasemi.

"Acha hayo. Imekuwa bia."

"Bia, senhor shefe? Si Alhamisi mlichagua mvinyo?"

"Wamebadili. Nataka chaza na kaa. Saa sita magari yanaondoka."

Mlango ukafungwa. Lourenço, ambaye sasa amepita miaka hamsini, anayarudia maneno hayo kama mtu anayetema mchanga aliouma kwenye wali.

Ni Novemba 1974, na jiko ni lile lile. Bunduki zimenyamaza tangu Septemba. Wakubwa wanafunga mizigo, na yeye ndiye anayewafungia: anaviringisha bilauri moja moja kwenye magazeti makuukuu na kuzilaza kwenye masanduku. Meli iko bandarini. Inang'oa nanga Jumamosi.

Alishuka pwani akiwa kijana, kutoka uwanda wa juu, kuja kutafuta kibarua. Akaanza kwa kuosha sahani, akaishia kwenye upishi. Mshahara wake wa mwezi, anasema, haukuwahi kununua hata kreti mbili za bia alizokuwa akiwafungulia.

Vita ya uhuru ilipokolea, wakubwa wakajitungia starehe yao. Kila Alhamisi walikaa ukumbini na kunyoosha mikono: Jumamosi twende kuonja bia, au twende kuonja mvinyo?

"Waliita kuonja," anasema Lourenço. "Mimi sijaona mtu anaonja kitu kuanzia saa sita mpaka anabebwa miguu na mikono."

Mvinyo ulikuwa na mahali pake, barazani kwa tajiri wa katani, na vitafunwa vyake vilikuja na meli, ndani ya makopo. Bia ilikwenda na ufukwe, askari wakilinda pande zote. Na bia, walisema, haishuki bila kitu kibichi cha chumvi: chaza wa ndimu, kaa wa pilipili.

"Mvinyo unafungua kopo, basi. Bia inataka mtu aingie majini," anasema.

Mtu huyo alikuwa Rehema, mkewe.

Rehema alikuwa wa pwani hii hii, Mwislamu, tangu utotoni akiokota chaza miambani. Pombe hakuigusa, hata chupa tupu alizisogeza kwa ufagio. Lakini klabu ilikwisha kumzoea: bia ikichaguliwa, hakuna aliyeuliza chaza atatoka wapi.

Asubuhi ile mumewe alipomfikishia habari, Rehema aliangalia pwani, akacheka kwa hasira.

"Baba Amade, hao wazungu wako hawajui kuwa leo maji mafu? Mwamba hautoki leo. Ningepata wapi chaza, chini ya kitanda?"

"Nimwambie shefe hakuna?"

"Akufukuze? Halafu mimi na Amade tule kofia yako ya upishi?" Akajifunga kanga kiunoni. "Nitapita mikokoni, kule nyuma ya kambi. Pombe wanywe wao, matope nikanyage mimi. Wewe chemsha maji ya kaa."

Njia ya mikokoni ilipita kando ya seng'enge ya kambi. Wiki ile askari walikuwa wamezika mabomu hapo kuwazuia wapiganaji. Waliozika walijua. Waliowaamuru walijua. Wanawake waokota chaza hawakuambiwa, wala kibao hakikuwekwa. Askari wa zamu aliitazama guia ya Rehema, karatasi ya ruhusa, akamfungulia geti, akamhimiza asichelewe.

Maji yalikuwa yameanza kuchemka Lourenço aliposikia mshindo. Kifuniko cha sufuria kikacheza.

"Nikasema, haya, wameanza tena. Nikaongeza kuni," anasema. Anaweka bilauri chini. "Niliongeza kuni."

Rehema aliletwa amefunikwa turubai la jeshi. Lourenço alikuwa bado amepiga magoti pale uani aliposikia magari yakiwashwa. Akadhani ni ya kwenda kumwita shekhe. Sivyo. Saa sita ilikuwa imefika.

Aliporudi jikoni, sahani zake hazikuwepo. Jibini, zeituni, soseji, vyote vilipakiwa na kupelekwa ufukweni.

"Wakanywea bia yao," anasema. "Na ikashuka! Jioni sahani zilirudi tupu. Kumbe bia na jibini vinakwenda. Sasa mke wangu alitumwa nini?"

Baadaye shefe alimletea gunia la mchele. Lourenço akamuuliza nani alibadili. Shefe akasema kapteni wa kambi. Kapteni akasema tajiri wa katani. Tajiri akasema mikono ilinyooshwa, kamuulize shefe. Mwaka uliofuata kapteni akahamishwa.

Jamaa zake walimsihi aache kazi. Hakuacha. "Amade alitaka kula. Halafu nikiondoka, nitamuuliza nani?"

Wenye amri wapya nao wamefika. Eusébio, kijana wa kamati ya wapigania uhuru, ndiye anayesubiri funguo za klabu. Juzi aliingia jikoni akitabasamu.

"Mzee Lourenço, wakoloni hao wanakwenda. Hayo tuyazike sasa, tujenge nchi."

"Kamarada, wewe umezika nani?"

Eusébio akakohoa. Kisha akasema kamati itakuwa na sherehe, masanduku ya bia yamepatikana, je, mzee anaweza kuwaandalia chaza?

"Nitaandaa," Lourenço akamjibu. "Kwanza nitajie anayeingia majini."

Jana, Alhamisi, wakubwa waliobaki walikusanyika kuchagua matembezi ya kuagana, safari hii ya Ijumaa. Shefe akauliza kama siku zote: bia au mvinyo? Kabla mkono haujanyanyuka, Lourenço akaweka sinia mezani.

"Samahani, senhores. Siku ile ya Rehema, mkono wa kwanza wa bia ulikuwa wa nani?"

Tajiri wa katani akatazama dari. Shefe akatafuta kiberiti mfukoni, na sigara yake ilikuwa inawaka. Mtu akasema kwa sauti ndogo, "Mvinyo, basi." Wote wakanyoosha mikono, haraka.

Kesho, baada ya kubeba sanduku la mwisho, Lourenço atasimama bandarini kwenye ngazi ya meli. Atakuwa amevua kofia ya upishi, ameikunja. Kila atakayepanda atapita mbele yake, naye atamuuliza kila mmoja hilo hilo, kwa Kireno na kwa Kiswahili, mpaka ngazi itakapovutwa.

Nani alisema bia?