Jeuri, Mlizi na Bibi Harusi

Mtengeneza sabuni hatupi iliyomharibikia. Huipa jina na kuiweka dirishani, juu ya beseni la kukorogea. Jeuri alizidishiwa soda kali, akambabua vidole. Mlizi alimiminwa kabla hajawa mzito, akatoka jasho la mafuta. Bibi Harusi alimwagiwa manukato hadi akagandia beseni humo humo kabla hajamiminwa. Wifi yake amechoka kuwapangusa vumbi. "Wenzako wanaanika vikombe dirishani, wewe unaanika aibu!" Yeye hucheka. "Mtoto umleavyo, wifi. Hao niliwalea vibaya mwenyewe."

Siku moja uji wa sabuni ulionekana kushika mapema, na wifi akasogeza kalibu ya kumiminia. Mtengeneza sabuni akainua mwiko, akautazama uji ukichuruzika, kisha akamtupia jicho Mlizi. "Bado," akasema, akazidi kukoroga kwa mkono wake wenye makovu, taratibu, hadi mwiko ukaacha mfereji juu ya uji. Vipande vilipokwisha kukauka, wiki kadhaa baadaye, wifi akakinusa kimoja, akakipitisha shavuni. Hakikutoa jasho.

"Na huyu tumwiteje?"

Mtengeneza sabuni akajifuta mikono, kidevu juu.

"Huyu? Huyu anaitwa Sabuni."